Limao na Samaki wa Lunttojávri

Nilimtambua kwa boksi. Watu walishuka kutoka kwenye treni ya kaskazini wakiburuta masanduku ya magurudumu, na katikati yao akatokea mwanamke mfupi mwenye kofia nyekundu ya sufu, amekumbatia boksi jeupe la barafu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ilikuwa mwezi wa tano, na Stockholm watu walikuwa wameshaanza kuvaa viatu vya wazi. Yeye alikuwa na buti za manyoya.

"Wewe ndiye Elvire wa kwenye simu," alisema kwa Kiswidi kabla sijafungua mdomo. "Sauti yako ni ndogo, nikajua mwenyewe naye atakuwa mdogo."

Nilicheka, nikataka kumpokea boksi. Akakataa. Alisema amelibeba tangu nyumbani na halijamchosha.

Mimi si mtu wa kuzungumza. Katika maabara ya chuo pale Flemingsberg kazi yangu ni kupokea sampuli, kuzisafisha, kuzikata na kuzipima. Kuzungumza na wenye sampuli ni kazi ya bosi wangu, Anton. Lakini Anton hapendi simu, na mimi sijui kukataa, basi msimu mzima wa baridi ni mimi niliyekuwa nikipokea simu za mwanamke huyu, Bibi Ristin. Alipiga akiwa jikoni kwake, nikisikia kahawa ikichemka. Kwanza tulizungumza habari za samaki. Baadaye tukazungumza habari za kila kitu, na siku ambazo hakupiga nilijikuta naiangalia simu.

Lunttojávri ni ziwa. Treni ikifika mwisho wake huko kaskazini, unapanda basi, na basi likifika mwisho wake, mtu anakuja kukuchukua kwa gari. Kando ya ziwa hilo wanaishi Wasami wachache, watu wa ile nchi tangu zamani, na mababu wa Bibi Ristin ni miongoni mwao. Nyuma ya kilima kulikuwa na mgodi wa madini ya risasi. Ulifungwa kabla sijazaliwa, lakini tope lake lenye sumu liliachwa nyuma ya ukuta wa udongo, na ukuta ule ulivuja ndani ya ziwa kwa miaka mingi, mpaka ulipozibwa nikiwa sekondari. Watu waliambiwa wasile samaki. Wakatii. Nyavu zikaning'inia kwenye mabanda.

Sasa kampuni mpya ilitaka kuufungua mgodi tena, na safari hii ilitaka kumwaga tope lake ndani ya ziwa lenyewe. Ilisema ziwa lile limekufa. Ilisema hakuna samaki anayezaliwa mle, na kama kuna mtu amewahi kumvua mmoja, basi huyo amepotea njia tu kutoka ziwa la juu, akateremka na kijito. Kikao cha kusikiliza pande zote kilikuwa kifanyike Stockholm wiki iliyofuata. Bibi Ristin alikuwa na jambo moja tu la kukiambia: ziwa letu liko hai. Na alijua hakuna ambaye angemwamini kwa maneno.

Ndiyo maana alivua. Alitoboa matundu mawili kwenye barafu, akasukuma kamba chini yake kwa mti mrefu kutoka tundu moja hadi jingine, akauvuta wavu kwa kamba ile kama mtu anayepitisha mkanda kwenye suruali. Alipata samaki watano wenye tumbo jekundu, wale ambao kwao huitwa rávdu. Siku chache baadaye barafu ikaanza kuoza. Haikukanyagika tena, na mtumbwi nao usingeweza kupita kati ya vipande vyake. Mpaka mwezi wa sita hakuna ambaye angevua kitu Lunttojávri.

Wale watano ndio waliokuwa ndani ya boksi.

Treni yake ilikuwa ifike Ijumaa, ikaharibika katikati ya msitu, ikafika Jumamosi mchana. Maabara ilikuwa imefungwa, na kadi yangu haifungui mlango siku za mapumziko. Anton alikuwa kisiwani kwenye kibanda chake cha kiangazi. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: niwaweke kwenye friji, nisiwagandishe, nije nao Jumatatu asubuhi.

Basi tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka Hagsätra, nyumbani kwetu. Mama alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na mdogo wangu Armel alikuwa kazini. Niliwapanga samaki kwenye rafu ya chini ya friji kwa heshima, kichwa huku na mkia kule. Bibi Ristin alisimama nyuma yangu akiangalia. Macho yao yalikuwa bado yanang'aa.

"Sasa tufanye nini?" niliuliza. "Utapumzika?"

"Nimelala treni nzima. Nataka kuona mawe yetu yalikokwenda," alisema. "Yalitoka kwetu kwa magari miaka yote ile. Sijawahi kuona yalikofika."

Sikujua nimpeleke wapi. Tukiwa njiani kurudi mjini nilimpigia mama.

"Mama, nina mgeni. Bibi Ristin, yule wa kaskazini. Treni yake ilichelewa, atalala kwetu."

"Leo? Eh, Mungu wangu, na sijapiga deki! Anakula nini?"

"Chochote, Mama. Usijisumbue. Ameleta samaki, nimewaweka kwenye friji chini."

Nyuma ya mama sauti za kwanza za kwaya zilikuwa zinarudia mstari mmoja.

"Ameleta samaki," alisema polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba amepata mjukuu. "Wa ziwani kwao?"

"Ndiyo, wa ziwani kwao."

"Sawa, mwanangu. Nimeelewa."

Nami nikaamini kwamba ameelewa.

Nilimpeleka Bibi Ristin mji wa kale, Gamla stan, ndani ya kanisa moja lenye madirisha ya vioo vya rangi. Nilimwonyesha vile vipande vya vioo, bluu na vyekundu, na ukanda mweusi unaovishika pamoja. "Ule mweusi ni risasi," nilinong'ona. "Sijui kama ni ya kwenu. Vioo vingine ni vya zamani sana. Lakini huwa vinakarabatiwa."

Alisimama pale muda mrefu. Jua liliingia likamwagia rangi kwenye kofia yake.

"Ni pazuri," alisema mwisho. "Afadhali ningeona pabaya, ningekasirika vizuri." Kisha akanigeukia, macho yamechangamka. "Lakini Elvire, wale watano! Uliwaona? Uliona jinsi walivyonona? Samaki wa ziwa lililokufa hanoni hivyo!"

Watu wawili walituangalia. Mimi niliona haya, lakini moyo wangu ulikuwa unaruka pamoja na wake. Njia nzima ya kurudi tulikuwa kama wasichana wawili waliofaulu mtihani kabla hata ya kuufanya. Alinieleza nani atakuwepo kwenye kikao, nani atanuna, na nani aliyemwambia apumzike kwa sababu ya umri. Alisema nyavu zake ameshazishona upya zote.

Harufu tuliikuta kwenye ngazi. Kitunguu, kitunguu saumu, mafuta ya moto, na samaki. Nikajiambia ni kwa jirani. Tulipopanda ghorofa ya pili nikajiambia tena. Mlango wa kwetu ulifunguliwa kabla sijatoa ufunguo. Mama akasimama pale amevaa kitenge chake cha Krismasi, uso unang'aa kwa mvuke, mwiko mkononi.

"Karibu, Mama! Karibu sana, karibu nyumbani!" Alimkumbatia Bibi Ristin pamoja na mwiko wake. "Elvire, mwambie ajisikie yuko kwake. Mwambie samaki wake ni wazuri ajabu. Nimewakuta wananitazama kwenye friji, nikasema, hawa hawalali humu."

Nilitazama ule mwiko, ukidondosha mafuta.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mama yangu, Fébronie, alizaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwao mgeni akija na samaki, samaki hao hawalali. Unawapika siku hiyohiyo, unamtengea yeye wa kwanza, na jirani anaitwa aje aone kwamba umetembelewa. Kuwaacha kwenye friji mpaka Jumatatu ni sawa na kumwambia mgeni zawadi yake inanuka. Mimi nililijua hilo tangu utotoni. Na bado nilimpigia simu nikamwambia kwa mdomo wangu: mgeni ameleta samaki, wako kwenye friji.

Jirani alikuwa ameshaitwa. Bwana Okech wa ghorofa ya chini, dereva wa basi, mtu wa Homa Bay kando ya Ziwa Victoria, alikuwa mezani na sahani ya limao mbele yake.

"Elvire! Huyu samaki ni nani?" alipaza sauti. "Nimekula mbuta, nimekula ngege, nimekula hata yule mukeke wa Tanganyika ambaye mama yako humsifia kila siku. Huyu sijawahi kumwona. Nyama yake ni ya pinki!"

"Ungemwonea wapi?" mama alimjibu kutoka jikoni. "Nyinyi Wajaluo mkishaona ngege mnafunga macho."

"Mama Elvire, usinianze. Mukeke wenu ni mafuta tu na jina."

Nilimvuta Bibi Ristin kwenye korido, kati ya makoti. Nikamwambia kwa Kiswidi, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Nilimwambia wale watano wamekaangwa. Nilimwambia kosa ni langu na si la mama, kwamba mama amefanya jambo la heshima kuliko yote anayoyajua, na kwamba naomba, naomba sana, asimkasirikie mbele ya jirani. Machozi yalikuwa yameshaanza.

Bibi Ristin alivua kofia. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akatazama. Miili ya samaki ilikuwa imepangwa kwenye sinia, ngozi imekauka vizuri kama karatasi. Vichwa vilikuwa vinachemka kwenye sufuria, mchuzi mweupe wenye vitunguu na pilipili nzima moja. Alivuta pumzi kwa pua, akafumba macho.

"Harufu hii," alisema. "Mara ya mwisho ilikuwa ya mama yangu."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema inanukia vizuri," nilijibu. Huo haukuwa uongo.

"Je, nyama haipimiki tena?" Bibi Ristin aliniuliza, bila kugeuka.

"Haipimiki. Ina mafuta, ina chumvi, sijui ina nini. Hawatakubali."

"Na ikiliwa, tutaumwa?"

"Mlo mmoja haudhuru. Onyo lilikuwa la kula kila siku."

"Basi tule," alisema. Lakini niliiona mikono yake ikiikunja ile kofia, ikiikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama yai. Wiki iliyofuata angeingia kwenye chumba cha kikao akiwa na maneno matupu.

Tuliketi. Mama aliweka bakuli mbele ya Bibi Ristin, na ndani yake kichwa kizima cha samaki mkubwa kuliko wote. "Elvire, mwambie kichwa ni cha mgeni. Akishakula kichwa si mgeni tena." Nikatafsiri. Bibi Ristin aliinamisha kichwa chake kidogo, kama mtu anayepewa nishani.

Kisha mama akamwomba Bwana Okech aombe. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu Bwana Okech akianza kuomba hufika mbali. Aliwaombea madereva wa treni za kaskazini. Akawaombea wagonjwa wa hospitali ya Flemingsberg, akataja wodi. Aliliombea ziwa la Mama Ristin, na Victoria, na kwa ukarimu wake akaliombea hata Tanganyika. Wote walikuwa wamefumba macho. Mimi sikuweza. Nilikuwa namtazama yule samaki kwenye bakuli, naye ananitazama kwa jicho lililogeuka jeupe.

Nyuma ya jicho lile, nilifikiri, ndani kabisa ya fupa la kichwa.

Nilijifunza mwaka wa pili chuoni. Samaki ana vijiwe viwili vidogo kichwani, kimoja kila upande, vya kumsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Vinaanza kukua siku anapozaliwa, na kila mwaka vinaongeza duara jipya kama mti. Na kila duara linafungia ndani yake kidogo cha maji aliyokuwa akiishi mwaka huo. Nyama inakwambia samaki yukoje leo. Kijiwe kinakwambia alizaliwa wapi.

Alizaliwa wapi!

Na moto hauli jiwe. Kinachokula jiwe kama lile ni kitu kichachu. Siki. Au...

"Amina," alisema Bwana Okech, na kwa unyenyekevu wa mtu aliyetoka kwenye sala, akachukua nusu ya limao, akanyoosha mkono juu ya bakuli la mgeni ili amhudumie.

"ACHA LIMAO!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Glasi zilitetemeka. Bwana Okech aliliangusha limao kwenye wali. Mama alishika kifua. Miaka yangu yote katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunisikia nikipaza sauti, hata siku Armel alipomfungulia ndege wangu.

"Msiguse vichwa! Mtu yeyote asitafune kichwa! Asimung'unye, asimeze!" Nilikuwa nimesimama, nikizungumza Kiswahili na Kiswidi kwa pamoja, nikisahau nani anajua kipi. "Bibi Ristin, vimo humo! Vijiwe vya masikio! Vinasema alizaliwa wapi!"

Bibi Ristin alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliinuka polepole, akashika meza kwa mikono miwili.

"Hata wakiwa wamepikwa?"

"Hata wakiwa wamepikwa!"

"Mtoto huyu amepagawa," mama alisema. "Okech, mwombee tena."

"Ngoja kwanza," alisema Bwana Okech. Alikuwa ameshavuta kiti. "Elvire, unataka kitu kilichomo ndani ya kichwa cha samaki? Uko na mtu wa Homa Bay mezani, na unapiga kelele? Leta taa."

Nikaleta taa ya mezani na kibano changu cha nyusi. Mama aliposikia kwamba samaki walikuwa wa kupimwa, na kwamba kile kikao cha akina Bibi Ristin kilikuwa kinawasubiri, alikaa chini akafunika uso kwa kitenge. "Nimeaibika. Nimempikia mgeni kesi yake."

Nilimtafsiria Bibi Ristin. Alizunguka meza, akaufunua ule uso, akamwambia jambo kwa Kisami, ambacho hakuna aliyekijua humo ndani. Mama akamwelewa hata hivyo. Akajifuta, akakunja mikono ya gauni, akaepua vichwa vilivyobaki kwenye sufuria.

Bwana Okech alifungua fuvu kwa kidole gumba na ncha ya kisu, taratibu kama anafungua saa. Mimi niliingiza kibano. Kijiwe cha kwanza kilitoka cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye umbo la jani. Nilikiweka kwenye kisahani cha kahawa. Wote wanne tuliinama juu yake mpaka vichwa vikagongana.

"Hicho tu?" mama alinong'ona.

"Hicho tu."

"Na kina maneno yote hayo?"

Cha pili kikatoka. Kichwa cha pili, cha tatu, cha nne. Kila kichwa na vijiwe vyake viwili, vikaoshwa kwa maji safi na kuwekwa mahali pake kwenye kisahani. Bwana Okech alikuwa anahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Kila kijiwe kilipotoka Bibi Ristin alipiga meza kwa kiganja na mama alipiga kigelegele kidogo, cha kuwahurumia majirani.

"Na cha tano?" niliuliza. "Kichwa cha tano kiko wapi?"

Mama alitazama dari.

"Mama?"

"Mtu anayepika lazima aonje chumvi," alisema.

Tuliingia jikoni wote. Mifupa ilikuwa kwenye mfuko wa taka za chakula, chini ya maganda ya vitunguu. Kijiwe kimoja tulikipata ndani ya kipande cha fuvu. Cha pili mpaka leo yuko nacho mama, na Armel humwambia ndiyo sababu siku hizi anasikia vizuri.

Baada ya hapo tulikula. Wali ulikuwa umepoa. Bibi Ristin alichukua kipande cha kwanza kwa mkono, kama alivyotuona tukifanya, akakiweka mdomoni, akakaa bila kutafuna. Machozi yalimtoka bila sauti. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Bwana Okech, ambaye hajui kukaa kimya, alimsogezea tu chumvi.

"Limao sasa linaruhusiwa?" aliuliza baadaye kidogo, akinitazama kwa woga.

Jumatatu asubuhi Anton alifungua boksi jeupe akakuta kisahani cha kahawa kimefungwa kwa plastiki ya jikoni. Nilimweleza kila kitu nikiangalia viatu vyangu.

"Mlipika sampuli," alisema.

"Ndiyo."

"Na mkazila."

"Zilikuwa tamu," alisema Bibi Ristin kutoka mlangoni.

Anton alikaa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Alisema walimu wake wa zamani walikuwa wakichemsha vichwa vya samaki makusudi ili vijiwe vitoke kwa urahisi. Nyama itasubiri wavue tena mwezi wa sita, alisema, na mpaka hapo hakuna wa kumwambia mtu ale au asile. Lakini swali la kikao ni samaki hawa ni wa wapi. "Na hilo nyama isingelijibu hata mara moja. Kata."

Nilivikata vijiwe vikawa vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Chini ya hadubini maduara yakaonekana, moja ndani ya jingine. Yule mkubwa, aliyekuwa kwenye bakuli la Bibi Ristin, alikuwa na umri wa Armel. Nilipompigia mama kumwambia, alipiga yowe: "Tumemla mtu mzima!"

Kisha tukakiweka kijiwe chake chini ya mashine yenye mwale mwembamba kuliko unywele, unaosafiri kutoka katikati ya kijiwe kwenda ukingoni, kutoka siku ya kuzaliwa mpaka siku ya wavu. Kwenye skrini mstari wa kiasi cha risasi ulianza kujichora. Bibi Ristin alisimama nyuma ya kiti changu, vidole vyake begani mwangu.

Mstari ulianza juu. Juu sana. Risasi ya mgodi, pale pale katikati, tangu utotoni mwake.

"Ni wa kwetu," Bibi Ristin alisema. "Ziwa la juu halina hiyo. Ni wa kwetu, amezaliwa kwetu!"

Na duara kwa duara mstari ukashuka. Ukashuka mwaka ule ukuta ulipozibwa, ukaendelea kushuka, polepole, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayepona. Ulipofika ukingoni ulikuwa karibu unalala. Nilijikuta nimesimama. Anton naye amesimama. Hatukuwa tumeona samaki tu. Tulikuwa tumeona ziwa zima likivuta pumzi.

Wa pili alikuwa hivyohivyo, wa tatu na wa nne pia. Wa tano, yule wa kuonjwa chumvi, mstari wake ulilala tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Huyo alizaliwa ziwa la juu, akateremka na kijito uzeeni.

"Kwa huyo mmoja kampuni inasema kweli," alisema Anton.

"Huyo alikuja kutembea," alisema Bibi Ristin. "Na alipokelewa."

Kwenye kikao Anton alinisukuma mbele, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyovikata vijiwe. Nilianza kusoma. Mwenyekiti aliniomba nipaze sauti. Nilianza tena, akaniomba tena. Nikamtazama Bibi Ristin kwenye safu ya pili, na yeye, bila kucheka, akanyoosha mkono hewani akakamua limao lisilokuwepo.

Baada ya hapo walinisikia mpaka nyuma. Nilisema wanne ni wenyeji na mmoja ni mgeni. Mtaalamu wa kampuni aliuliza mengi, nikayajibu. Mwisho wa siku mwenyekiti alisema Lunttojávri haliwezi kuandikwa kuwa ziwa lililokufa, na kwamba mpango wa kumwaga tope ndani yake hautasikilizwa ulivyo. Mgodi wenyewe bado unabishaniwa. Bibi Ristin anajua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini jioni ile, nje ya jengo, alinishika mikono tukazunguka kama watoto, yeye na buti zake za manyoya, mpaka watu wakatupisha njia.

Jana alipiga simu. Barafu imekwisha yote, alisema, na nyavu ziko majini kwa ajili ya samaki wa kupimwa. Anataka mama aende, na Bwana Okech kama atapata likizo. Mama alikuwa ameshashusha sanduku kabla sijamaliza kutafsiri. Sasa limejaa nusu, na chumba kizima kinanuka dagaa wakavu wa Rumonge, kwa sababu mtu hawezi kwenda kwa mwenzake mikono mitupu.

Nilirudi kwenye simu. Safari hii nilisema kwa sauti, ili kusiwe na kosa.

"Bibi Ristin, mama analeta samaki. Hawa ni wa kula."